Maini ya Ardhi Chini ya Mzabibu

Juzi walinijia vijana wawili, msichana na mvulana, wanaotunza bustani za maofisi kule Mtumba. Wakanipa shikamoo, nikaitikia, nikawakaribisha uji. Kisha yule msichana akatoa simu akanionyesha picha. Chini ya bomba la kiyoyozi, pale maji yanapodondoka mchana kutwa, ardhi imeota kitu cha kijani kilicholala chini kama kimebandikwa kwa gundi.

"Bibi, bosi anasema tupige dawa. Tupige ipi?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikawaambia wakae vizuri, maana jibu ni refu. Na nyie wengine mnaoshika jembe na mkasi, mnaolipwa ili kijani kionekane mbele ya majengo ya watu, sogeeni. Mimi nimetunza bustani maisha yangu yote ya kazi, na kitu nilichokipenda kuliko waridi, kuliko asumini, ni hicho hicho mnachotaka kukipiga dawa.

Kwanza mnijue. Naitwa Sechelela, Mgogo wa Kongwa. Kazi nilianzia kitalu cha serikali, tukimwagilia miche ya kupanda kando ya barabara. Watu wengi, ndoo nyingi, nyimbo nyingi. Ikaja miaka ile ya ruksa. Biashara zikafunguliwa, maduka yakajaa bidhaa, na huku nyuma idara zikaanza kupunguza watu. Siku moja tukakusanywa, tukashukuriwa, tukaambiwa kwaherini. Nikatoka na ndoo yangu, ambayo hakuna aliyekumbuka kunidai, nikazunguka mji nikiuliza nani ana bustani.

Bi Mwanaidi alikuwa nayo ila hakujua kama ni bustani. Alikuwa mjane, mzaliwa wa Kondoa. Mumewe alimwachia nyumba ya zamani katikati ya mji, ya kuta nene, vyumba vimezunguka ua. Watoto walikwisha kuondoka, naye akasema vyumba havikai bure wakati ruksa imetoka. Akaamua kuigeuza iwe nyumba ya wageni.

"Mbukwa!" alinisalimu kwa Kigogo, kwa utani, nilipobisha hodi. "Wewe ndiye unayejua majani?"

"Nayajua, Bi."

"Basi njoo uone msiba wangu."

Msiba wenyewe ulikuwa huo ua. Mzabibu mzee umetambaa juu ya kichanja mpaka umefunika zaidi ya nusu. Mkomamanga mmoja pembeni. Pipa la maji kwenye kona, linavuja tone tone. Kuta zilikuwa ndefu hata jua la mchana liliingia kama linaomba ruhusa. Nyie mnaijua Dodoma yetu, vumbi na upepo. Ukiingia uani mle ulihisi umevuka mpaka wa nchi.

"Wageni wakifungua milango nataka waone maua," Bi Mwanaidi akasema. "Na ukoko huu," akagusa chini kwa ncha ya kandambili, "nataka uondoke."

Nikainama. Ilikuwa kiangazi. Ardhi ya chini ya mzabibu ilijaa magamba meusi, makavu, yaliyokunjamana, kweli kama ukoko wa wali ulioungua. Nikapiga magoti, nikakwangua kwa mwiko wa fundi mwashi, nikajaza ndoo, nikaenda kumwaga jalalani. Nilijisikia kama mtu aliyesugua sufuria mpaka ikang'aa.

Mvua za kwanza ziliponyesha, ua ukawa kijani. Si majani, wala si nyasi. Ardhi yenyewe iligeuka kijani, kila nilipokwangua na pale ambapo sikufika.

"Seche! Si ulisema umeuondoa?"

"Niliuondoa, Bi."

"Basi uliuondoa kwa kuupanda."

Na kweli, siku hizi najua kwamba nilikuwa nimeupanda. Kila kipande kilichodondoka kwenye ndoo yangu kilishika mahali kikaota. Lakini wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba mwajiri hapendi utelezi. Nikatafuta njia. Nilimwaga majivu, kijani kikanawiri zaidi. Nikapiga mswaki wa chuma, kikasambaa. Mwisho nikasikia mtu sokoni akisema chumvi ya mawe inaua kila kitu. Nikanunua, nikanyunyiza kwa mkono mkunjufu kama ninalisha kuku.

Yule mtu wa sokoni alisema kweli, chumvi inaua kila kitu. Kijani kilikufa. Asumini yangu mpya ikafa. Mkomamanga ukapukutisha majani, ukabaki vijiti. Bi Mwanaidi alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akauliza kwa upole kabisa:

"Seche mwanangu, hii ni bustani au unanipikia mchuzi?"

Lakini hakunifukuza. Aliniamuru nichimbe udongo ule wote, niutoe nje, nilete mwingine. Nilichimba huku nikitokwa jasho na aibu. Mkomamanga ulichipua tena baadaye, lakini tangu siku ile mimi na chumvi tunakutana kwenye mboga tu. Vijana, ukisikia dawa inayoua kila kitu, jiulize kwanza kila kitu ni nini.

Sasa niwaletee mwalimu wangu. Hakuwa mtu wa bustani. Alikuwa fundi saa.

Fundi Hamisi alikuwa ndugu wa marehemu mume wa Bi Mwanaidi. Miaka mingi alikuwa na meza yake sokoni, ya kioo, na ndani yake saa za watu zimelala kama wagonjwa wodini. Alikuwa hodari. Lakini ruksa ilipoleta maduka yaliyojaa, ilileta pia saa za plastiki, za namba zinazowaka, rahisi kama maandazi. Watu walivaa, zikisimama wanatupa. Nani atapeleka andazi kwa fundi? Meza ya sokoni ikazidi kunyamaza, mpaka akaihamishia uani kwa shemeji yake, chini ya mzabibu. Alisema pale mwanga ni mpole na upepo haurushi vumbi kwenye mitambo. Sote tulijua sababu nyingine. Hakutaka kukaa sokoni mbele za watu bila mteja.

Nilimkuta kila asubuhi. "Shikamoo Fundi." "Marahaba Seche, umeamkaje na majani yako?" Alikuwa na kile kioo cheusi kidogo ambacho mafundi saa hukibana kwenye jicho, na akikibana, alikuwa ameshaondoka duniani kwetu.

Asubuhi moja, mvua ikiwa imepita, skrubu ikamponyoka. Skrubu ya saa ya mkono, ndogo kuliko chembe ya mtama. Fundi akashuka chini, magoti na viganja, kioo jichoni, akaanza kutafuta. Mimi nilikuwa nafunga matawi. Nikaona amekaa vile vile muda mrefu mno, pua inakaribia kugusa udongo. Nikashtuka, nikadhani presha.

"Fundi, umeipata?"

"Sijaipata. Njoo uone kikombe."

Nikalala kifudifudi kando yake, kanga yangu kwenye matope, akanipa kioo. Jamani. Kile nilichokiita utelezi kilikuwa na umbo. Vilikuwa vipande bapa vya kijani, vinagawanyika mbili mbili kama njia panda, na uso wake una vigae vidogo mno kama sakafu ya msikiti. Juu yake vimesimama vikombe, vya duara, ukingo wake una meno meno. Na ndani ya kila kikombe kuna vidonge vya kijani, bapa kama dengu.

"Subiri," Fundi akasema. "Tazama pipa."

Tone likajikusanya kwenye tundu la pipa, likaning'inia, likaanguka katikati ya kikombe. Pa! Dengu zikaruka, moja ikatua kwenye kidole changu.

"Seche," akaninong'oneza, kana kwamba mtu atatusikia, "huu ni mtambo. Kuna mtu ameutengeneza huu akijua tone litaangukia wapi."

"Ni Mungu, Fundi."

"Ndiyo. Lakini nimefurahi kuona anatumia vipuri vidogo kama mimi."

Skrubu hatukuipata. Mwenye saa alichongewa skrubu nyingine kwa mkono, na Fundi hakulalamika. Tangu siku ile alifika mapema na kazi yake ya kwanza haikuwa saa. Alizunguka ua mzima akiwa ameinama, kioo jichoni, mikono nyuma. Bi Mwanaidi alinivuta jikoni.

"Shemeji amepoteza nini?"

"Hajapoteza kitu, Bi. Ameokota."

Tukaanza kuyafahamu majani yale, mimi na yeye, taratibu kama unavyofahamu majirani wapya mtaani. Kwanza unajua ni watu, halafu unajua yule mrefu na yule mfupi, mwisho unajua nani anapenda nini. Tuligundua kwamba yapo ya aina tatu, na kwa kuwa hatukuwa na majina tuliyapa ya kwetu.

La kwanza ni hilo la vikombe, tuliloliita Kikombe. Linapenda maji ya daima. Halikutoka mbali na pipa, na mvua zikikolea huinua miavuli midogo, mingine bapa, mingine imechanika kama vidole. La pili tuliliita Waridi. Hilo hukaa wazi kwenye udongo wa njia, duara dogo lisilozidi sarafu, limejipanga kama ua. Linakuja na mvua, na mvua ikiondoka linaaga. La tatu lilikuwa pembeni, kwenye mawe ya msingi wa ukuta, lenye mikanda ya kijani ambayo upande wa chini ni zambarau iliyokolea kama zabibu iliyoiva. Jua likizidi linajikunja kwa urefu, mikono imefunika tumbo, na kinachoonekana ni weusi tu. Tuliliita Mkunjo.

Mnaona nilichokuwa nimekikwangua kiangazi kile kwa mwiko? Hakikuwa ukoko. Alikuwa Mkunjo, amelala.

Sasa mbinu za kazi, msikilize. Ukiona kijani chini, usikimbilie kuita utelezi. Gusa. Kikiteleza kama mlenda, ni ule utelezi wa maji machafu, na mimi Mgogo niliyekuzwa kwa mlenda sitishiki nao, lakini ufagie. Kikiwa na manyoya laini, majani madogo yaliyosimama kama zulia, huyo ni jirani mwingine, tulimwita Zulia. Lakini kikiwa bapa, na ukitia ukucha chini yake unakuta vinyweleo vimeshika udongo, basi umefika kwa wenyewe. Usimpe mbolea, ataoza au atamezwa na magugu. Usimpige kwa mpira wa maji. Mwagia juu ya tawi au ukuta, maji yamfikie yakiwa yameshachoka. Na usimhamishe kwa kumng'oa. Mkate na kipande cha udongo wake, mweke, mkandamize kwa kiganja, umwache.

Makosa pia tuliyafanya. Nilipotoka kitalu cha serikali nilijivunia kupogoa mizabibu. Mavuno yalipokwisha, nikapanda kwenye kichanja nikapogoa kama nilivyofundishwa, fupi, safi, macho mawili ya kuchipua kila tawi. Nikashuka, nikajisifu. Kesho yake jua likaingia uani kama mgeni asiyebisha hodi. Ilipofika adhuhuri Kikombe chote kimekuwa cha njano kama mgonjwa wa manjano. Fundi aliingia ndani, akatoka na shuka lake mwenyewe la kitandani, tukalifunga juu ya kichanja kwa kamba. Shuka lilikaa pale hadi mzabibu ulipotoa majani. Wageni waliuliza kama nyumba ina harusi. Tangu hapo napogoa upande mmoja kwanza, upande wa pili nausubiri.

Na Bi Mwanaidi? Alivumilia mpaka mwezi wa Ramadhani. Jioni moja alitoka jikoni na sinia la futari, magimbi na uji wa pilipili manga, akakanyaga pale kati, miguu ikaenda kaskazini, sinia likaenda kusini. Alikaa kitako katikati ya magimbi. Hakuumia, lakini wageni wote walikuwa uani wakingoja adhana.

"Shemeji," akasema akiwa bado chini, "mimi na watoto wako hawa, mmoja wetu atahama."

Nilidhani ndio mwisho. Usingizi haukunijia vizuri. Asubuhi nikaenda mahali wanapovunja mawe, nikaomba mawe bapa yaliyokataliwa, nikayabeba na mkokoteni. Nikapanga njia, kutoka jikoni mpaka vyumbani, mpaka bombani, mpaka mlangoni, mawe yameinuka kidogo juu ya udongo na uso wake mkavu. Pembeni ya njia nikawaachia wenyewe. Bi Mwanaidi alitembea juu yake mara ya kwanza kama anavuka mto. Mara ya pili kwa kasi. Mara ya tatu akasimama katikati, akatazama kushoto na kulia kwenye kijani kile, akasema, "Mbona pamependeza?" Vijana, ugomvi mwingi wa bustani si wa mimea, ni wa njia. Mpe binadamu pa kukanyaga, ataacha kukanyaga pengine.

Jina lenyewe tulilipata kwa mgeni. Alilala kwetu mwalimu wa sekondari aliyekuwa safarini kutoka Babati, akamkuta Fundi amelala kifudifudi. Mwalimu yule mwenyewe akalala chini kando yake, na suruali yake ya safari. Alitwambia kwa Kiingereza huitwa livawoti, yaani mmea wa ini, kwa kuwa watu wa zamani huko kwao waliona umefanana na ini. Alitwambia pia kwamba miaka yote anafundisha habari zake kwa kuchora ubaoni, kwa kuwa alidhani kuuona ni mpaka uende milima ya Lushoto.

"Ini la nani?" Fundi akauliza. "La ng'ombe au la kuku?"

"Hawakusema, Mzee."

"Basi litakuwa la ardhi."

Likabaki hilo, maini ya ardhi. Mwalimu aliondoka na kipande cha Kikombe ndani ya kopo, akatuahidi wanafunzi wake watashika kwa mikono. Fundi alimsindikiza mpaka stendi, na aliporudi alikuwa anatembea kama kijana.

Nimewasimulia haya ili mjue nini kilikuwa hatarini Rajabu alipokuja.

Rajabu ni mwana wa Bi Mwanaidi, alikuwa na shughuli zake Dar es Salaam. Kijana mwema, mchangamfu, anayependa mama yake, na asiyeweza kuona sehemu tupu bila kuiwekea kiti. Alikuja kiangazi, mwezi ambao hata mijusi ya Dodoma inatafuta kivuli. Maji ya bomba yalikuwa ya kubahatisha, pipa limekauka, halidondoki tena. Ua ulikuwa mweusi na kahawia. Waridi hayupo. Kikombe kimejificha nyufani. Mkunjo umejikunja kwenye mawe yote.

"Mama, hapa pote tunamwaga zege," akasema akizunguka. "Meza sita, miavuli, soda baridi, muziki kidogo. Wafanyabiashara wanapita mji huu wengi siku hizi. Hawa watu watakaa wapi?"

Bi Mwanaidi alikuwa mfanyabiashara, aliona hesabu ya mwanawe. "Na shemeji atakaa wapi?" akauliza taratibu.

"Baba mdogo tutamtafutia sehemu."

Lakini sehemu haikuwepo, na Fundi alijua. Hakulalamika. Jioni ile nilimkuta anafuta saa zake moja moja, anazifunga kwenye vitambaa. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema dada yake wa Kondoa amekuwa akimwita siku nyingi, na hewa ya kule ni nzuri. Nilishika ufagio nikafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Asubuhi ya zege, mafundi walifika na chepeo. Mifuko ya saruji ilikuwa ukumbini. Fundi Hamisi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ametoka kutawadha, birika bado mkononi.

"Shikamoo, baba mdogo," Rajabu akasema. "Samahani, tunaanza upande huu."

"Marahaba, mwanangu. Anzeni. Lakini nisubirini ninywe chai."

"Hamna neno. Kunywa."

Bi Mwanaidi akaleta chai. Fundi akaiweka kwenye jiwe bila kuionja. Akainamisha birika, akamimina maji yaliyobakia juu ya mawe ya ukutani, polepole, pale palipokuwa peusi zaidi.

"Baba mdogo, unaumwagilia ukoko?"

"Chuchumaa hapa."

Rajabu akachuchumaa kwa heshima tu, kama mtu anayemridhisha mzee. Mimi nilisimama nyuma yao na wasiwasi, maana kiangazi kile kilikuwa kikali kuliko vyote nilivyoviona pale, na sikuwa na hakika kama kuna kitu kilichobaki hai. Mawe yakanywa maji. Hakikutokea kitu. Fundi mwashi mmoja akakohoa. Rajabu akatazama saa yake, saa ya plastiki, namba zinawaka.

Kisha ukingo mmoja mweusi ukacheza.

"Kuna mdudu," Rajabu akasema.

"Hakuna mdudu."

Ukingo ukainuka, ukaachana na mwenzake. Katikati yao ukaonekana mstari wa kijani, mwembamba kama uzi. Mwingine ukafuata. Mwingine. Mikanda ikawa inafunguka juu ya jiwe zima, kimya, kama watu wanaoamka katika chumba kimoja, huyu ananyoosha mkono, huyu anafunua shuka. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke na jiwe lilikuwa limeshaanza kuwa kijani.

"Umeweka rangi?" Rajabu akauliza.

"Weka wewe."

Rajabu akanyanyuka, akaingia jikoni, akarudi na jagi. Akamwagia jiwe alilolichagua mwenyewe, upande wa mbali, akachuchumaa tena, safari hii bila kulazimishwa, shati jeupe linagusa vumbi. Lilipofunguka alitoa sauti ambayo mama yake aliniambia hakuisikia tangu alipokuwa na meno ya utoto. Akaenda jiwe la tatu. La nne. Mafundi waashi nao wakaacha machepeo, wakawa wanabishana ni lipi litakalotangulia.

Mkubwa wao ndiye aliyekumbuka kazi. "Bosi, zege nichanganye au nisichanganye?"

Rajabu akamtazama mama yake. Bi Mwanaidi alikuwa amesimama kwenye njia ya mawe, ameshika sahani tupu, macho hayako kwa mimea, yako kwa shemeji yake. Fundi alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanatikisika.

"Changanya," Bi Mwanaidi akasema. "Anzia langoni, ishia kwenye mkomamanga. Huko jua linapiga na hakuna anayekaa. Meza tatu zinatosha. Kuanzia mkomamanga kuja huku ni kwa shemeji, na atakayemwaga zege huku atakuwa amenimwagia mimi."

"Mama, tatu ni chache."

"Basi wengine wanywe soda wakiwa wima."

Zege likamwagwa langoni. Meza tatu zikawekwa, na Rajabu hakuwa amekosea, zilijaa. Ambacho sikukitegemea ni kwamba wateja wakishika soda zao walivuka mkomamanga kwenda kuona mzee aliyelala kifudifudi, na kwa kuwa alikuwa na kioo jichoni walimuuliza kama anatengeneza saa. Wengine walikuwa nazo nyumbani, za baba zao, za babu zao, zimesimama miaka. Wakazileta. Hakupata wateja wengi kama zamani, siwadanganyi, lakini vile vitambaa alivifungua, na safari ya Kondoa ikawa ya kusalimia tu, anaenda anarudi.

Nami nilifanya kazi nyumba ile hadi magoti yakagoma. Niliitwa na nyumba nyingine pia, za wakubwa, zenye maua ya kutoka nje, nikazitunza kwa uaminifu. Lakini asubuhi yangu ilianzia chini ya mzabibu. Ukinitaka nikupe ushauri mmoja wa kazi, ni kwamba kabla hujaleta mmea wa mbali kwa gharama, mwagia maji ardhi uliyonayo, kisha subiri uone nani anaamka.

Mwaka uliofuata Rajabu alikuja tena kumsalimia mama yake. Alishuka kwenye basi la kutoka Dar es Salaam amejaa vumbi hadi kope, begi mgongoni, na mikono yote miwili ameshika mfuniko wa kopo uliofunikwa kwa karatasi yenye unyevu. Njia nzima alikuwa ameupakata. Abiria wa jirani yake, alisema, alidhani amebeba kiungo cha mtu cha kupeleka hospitali.

"Nimempata bafuni kwangu, ukutani," akatwambia, akifunua. "Nimembandua taratibu na udongo wake kama dada Seche anavyofanya. Baba mdogo, huyu ni nani? Ni Kikombe au ni Mkunjo?"

Fundi akabana kioo jichoni, akainama juu ya mfuniko. Mimi nilikwisha kuona. Majani madogo yaliyosimama, laini, manyoya. Alikuwa Zulia, yule jirani wa kawaida aliyejaa kila ukuta wenye maji, hata wetu. Fundi naye akaona, akanitazama, akamtazama kijana aliyeketi safari yote bila kuweka mikono chini. Akashindwa kusema uongo.

"Mwanangu, huyu si wa ukoo wa ini. Huyu ni jirani tu."

Uso wa Rajabu ukaanguka. Bi Mwanaidi, ambaye alikuwa anakuna nazi barazani, akajifuta mikono, akaja akauchukua mfuniko.

"Ukoo, ukoo! Ametoka mbali, amechoka, ana kiu. Shemeji, hebu soma kibao cha mlangoni, hii nyumba ni ya nani?"

"Ya wageni," Fundi akasema.

"Haya. Seche, mtafutie chumba."

Nikamweka chini ya bomba, kwenye kivuli kizito.